Kaburi la kale limefunuliwa na bahari Kisimani, Mafia: tufukie, tuhamishe au tuache?

Mrithi wa Minazi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya miaka yote, leo limenikuta jambo ndiyo nimefungua akaunti.

Nina shamba la minazi Ras Kisimani, Mafia, kule magharibi kabisa ambako kisiwa kinaishia kikitazamana na delta ya Rufiji. Nililirithi kwa bibi mzaa mama mwaka 1998. Siishi huko, nafundisha shule ya msingi upande wa Kilindoni, lakini kila baada ya miezi miwili mitatu nakwenda na mpwa wangu kuangua. Bibi alikuwa mtu wa hesabu ingawa hakusoma. Alipanda kwa kamba ya jahazi: mistari minane, kila mstari minazi minane, futi 30 baina ya mnazi na mnazi. Nilikabidhiwa minazi 64. Leo ninayo 40. Mistari mitatu ya mbele imekwenda na maji, na wa nne mizizi yake inaning'inia hewani kama ndevu za mzee.

Hiyo ya minazi nimeshaizoea. Ninalouliza ni jingine.

Wanaopajua Kisimani wanajua kuwa ule ni mji wa kale. Ukichimba shimo la mnazi unakutana na ukuta. Utotoni, maji yakipwa, tulikuwa tunaokota shanga na vigae vyenye rangi ya kijani, na bibi akituona anatutupisha: "Vya wenyewe hivyo, rudisheni." Nyumba yake yeye mwenyewe ilikuwa na msingi wa mawe ya magofu hayohayo. Nadhani wenyewe walikuwa hawahesabu mawe.

Sasa bamvua iliyopita (yale maji makubwa ya bahari) iligongana na kusi iliyovuma siku tatu mfululizo. Tulipofika tukakuta kingo ya mchanga, kimo cha mtu mzima, imemeguka upana wa chumba. Ndani ya ule mmeguko kuna mtu. Kichwa, bega, na mbavu kidogo. Amelala ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Kwa hiyo ni mwenzetu, kazikwa kwa kuelekezwa kibla. Mpwa wangu alikimbia mpaka kwenye ngalawa. Mimi nilivua kanga ya juu nikamfunika, nikaweka makuti na mawe juu, nikasoma nilichoweza kusoma.

Nimerudi mjini nina rai tatu kichwani na hakuna hata moja iliyonituliza. Shehe wetu anasema tumtoe, tumzike upya juu, mbali na maji. Mzee mmoja jirani wa shamba anasema maiti hahamishwi, bahari nayo ni ya Mungu, tumwache. Na kijana mmoja wa bodaboda kanong'oneza kuwa Dar kuna watu wananunua "vitu vya Kisimani".

Mwenye elimu ya mambo haya anisaidie. Bamvua nyingine iko karibu.

Dalali Huru

Mwalimu, mambo kama hayo hayatangazwi hadharani. Makaburi ya zamani hayakosi kitu. Na sarafu za Kilwa zina wateja wa uhakika. Njoo pembeni tuongee.

Mchimba kwa Mswaki

Dalali, kaa mbali na huyu dada. Kwanza unadanganya. Kaburi la Kiislamu lina maiti na sanda, na sanda ilishaoza. Hakuna dhahabu humo. Wanaofukua makaburi ya pwani wanavunja mifupa ya watu bure.

Mwalimu, pole, na ahsante kwa ile kanga. Mimi nimesomea akiolojia na nimefanya kazi za uchimbaji pwani ya kusini misimu kadhaa (jina langu humu si mzaha, tunachimba kwa mswaki kweli, na kijiko cha chai). Nitakujibu kwa ninavyojua.

Mafia iko Mkoa wa Pwani, kwa hiyo sheria inayokuhusu ni ya bara: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni mali ya kale kisheria, na majengo ya kale nayo yanalindwa. Aliyekiona anapaswa kutoa taarifa. Kuchimba bila leseni ni kosa, kuuza au kusafirisha nje bila kibali ni kosa. Kwa hiyo ushauri wa shehe ni mzuri kwa nia, lakini mkichukua majembe kabla ya kuongea na serikali mtajitia matatani, na mtaharibu kile ambacho huyo marehemu bado anaweza kutueleza. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Barua iende pia Idara ya Mambo ya Kale, na ukiweza idara ya akiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Weka na picha.

Kuzika upya kunawezekana. Sehemu nyingi za pwani mifupa ya Waislamu iliyofunuliwa na maji hupimwa, hupigwa picha, kisha huzikwa tena kwa taratibu za dini, na watu wa msikiti wakiwapo. Shehe wako na akiolojia hawana ugomvi hapo. Wanagombana juu ya nani atangulie.

Sasa niseme kwa nini nang'ang'ania kipimo na picha. Mwanaakiolojia Neville Chittick, huyuhuyu aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alichimba Kisimani kabla ya hapo na ripoti yake ilitoka 1961. Tayari wakati huo sehemu ya mji ilikuwa imeshaingia baharini. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za masultani wake, inasimulia kuwa yule mtawala Mshirazi wa kwanza alimpa mwanawe Bashat aitawale Mafia, na Kisimani ndipo wengi wanapopaangalia kwa ajili ya utawala huo. Iwe kweli iwe ngano, ushahidi wa kulithibitisha uko kwenye huo mchanga unaomeguka chini ya minazi yako.

Naomba nikuulize kitu kimoja: hiyo mistari mitatu iliondoka lini na lini? Unakumbuka?

Mrithi wa Minazi

Mstari wa kwanza nakumbuka vizuri, ulianguka mwaka ule wa tsunami ya mwisho wa 2004, lakini haukuangushwa na tsunami. Ulikuwa umeshainama, kusi ya katikati ya mwaka ndiyo iliyoumaliza. Wa pili ni 2013 au 2014, kwa sababu mpwa wangu alikuwa anaanza shule. Wa tatu umekwenda mmojammoja, wa mwisho nimeuona chini mwaka jana.

Mchimba kwa Mswaki

Mwalimu, unaona ulichonacho? Futi 30 mara tatu ni futi 90, kama mita 27, tangu 1998. Kwa wastani inakaribia mita moja kwa mwaka. Bibi yako aliweka rula ardhini bila kujua, na kamba yake ya jahazi imetupa historia ya robo karne ambayo ukiitafuta kwenye ofisi za watu unaweza usiipate. Iandike hivyohivyo kwenye barua. Chora mistari minane, weka alama iliyobaki.

Fundi Mitambo

Mnazunguka tu. Sababu ni moja, bwawa la Mwalimu Nyerere. Rufiji ndiyo iliyokuwa inaleta mchanga pande hizo, bwawa limeanza kujazwa Desemba 2022, mchanga umebaki juu. Subirini muone, Mafia yote itaisha.

Mchimba kwa Mswaki

Fundi, kuwa mabwawa hunasa tope na mchanga ni kweli, na delta ya Rufiji ni ya kufuatilia kwa macho mawili miaka ijayo. Lakini mstari wa kwanza wa mwalimu ulianguka 2004. Chittick aliukuta mji umeliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Huwezi kumshtaki mtoto kwa kosa lililofanyika kabla hajazaliwa.

Ukitaka sababu, ziko nyingi na zinasaidiana. Ras Kisimani ni mchanga mtupu, hakuna mwamba wa kuzuia. Rasi za mchanga huhama zenyewe, huku zinaliwa, kule zinaota. Bamvua kwetu hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na zile kubwa za Machi na Septemba zikikutana na upepo, wimbi linapiga mahali ambapo siku zote ni pakavu. Juu ya yote hayo weka bahari yenyewe inayopanda. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20, na mwendo unaongezeka: miaka ya 2006 hadi 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Mtu anasikia milimita tatu anacheka. Lakini kwenye ufukwe mlegevu wenye mteremko mdogo, sentimita moja ya kupanda juu inaweza kula nusu mita mpaka mita nzima ya kuingia ndani.

Kijana wa Gereza

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, nyumba yetu na Gereza, ile ngome ya kale, ni jirani. Naandika kwa simu mnisamehe.

Hilo lililokukuta sisi tumekua nalo. Gereza lenyewe liko ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome hapo 1505, wakaiacha 1512, hili tunaloliona leo ni la wakati wa Waomani, na upande wa baharini ulishaporomoka. Ukipita na mtumbwi maji yakiwa yamekupwa unaona mapande ya kuta yamelala kwenye tope, chokaa yake bado ngumu kama siku ilipochomwa. Pembeni hapo kuna msikiti wa Malindi na makaburi yake, nao bahari iko mlangoni. Babu yangu alikuwa akisema utotoni mwake walikuwa wanacheza mpira mbele ya Gereza, upande wa baharini. Mimi nilipozaliwa upande huo unacheza na samaki.

Magofu yetu na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yameingia kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kazi nyingi. Moja ya kazi hizo ilikuwa kuweka nyavu za chuma zilizojazwa mawe mbele ya kuta, na kupanda mikoko. Wanakijiji tulishiriki. Mama yangu na wenzake walikuwa wanabeba miche ya mkoko kwenye ndoo za dagaa, wakifika wanazama kwenye tope mpaka magotini.

Nikwambie kilichofanya kazi? Mkoko. Pale uliposhika, tope linatulia, wimbi linafika limechoka. Na nikwambie aibu yetu? Mikoko ya zamani ni sisi tulioikata. Boriti za nyumba, kuni za kuchomea chokaa, mbao za mitumbwi. Halafu tukashangaa bahari imekuja kubisha hodi. Zile nyavu za mawe zinasaidia pale zilipo, ila mwisho wake unapoishia ndipo maji yanapokwenda kuchimba. Ukimzuilia bahari kwako anakwenda kula kwa jirani.

Lakini kwako mwalimu mkoko sidhani kama utashika ikiwa ni mchanga mweupe unaopigwa na kusi moja kwa moja. Mkoko unataka tope na maji matulivu. Usije ukaletewa mradi wa kupanda miche elfu, wakapiga picha, baada ya miezi sita hakuna kitu.

Mtwapa Kwetu

Salaam kutoka upande wa Kenya. Bi Mwalimu, hebu nikueleze ya huku kwetu Jumba la Mtwana, hapa Mtwapa. Ni mji wa karne ya 14, ukahamwa karne iliyofuata. James Kirkman ndiye aliyeuchimba, 1972. Huwa napeleka wanafunzi pale, na wote huenda kukusanyika sehemu moja, msikiti ulioko ufuoni kabisa. Ubavuni mwake mna kaburi lenye maandishi ya aya, kila nafsi itaonja mauti. Unaisoma aya hiyo, huku nyuma yako mawimbi yapiga, wallahi mwili wasisimka.

Mibuyu ya pale mikubwa yasimama mpaka ukingoni, na mizizi yake ndiyo inayoshika ardhi kwa sasa. Mbuyu mmoja ukianguka huondoka na kipande cha ukuta.

Mombasa nako, Fort Jesus ya Wareno wa 1593, wimbi lilikuwa laula mwamba wa matumbawe uliobeba ngome. Serikali ikajenga ukuta wa bahari. Ngome imepona, alhamdulillahi, ijapokuwa watu wa Mji wa Kale walikuwa na maneno yao kuhusu sura ya huo ukuta. Nilitaka tu kusema hivi: ukuta wa namna hiyo ni pesa nyingi, hujengewa ngome yenye jina. Shamba la bibi halijengewi.

Mchimba kwa Mswaki

Mtwapa umenena. Kuna utafiti uliochapishwa 2022 uliopima maeneo 284 ya urithi kwenye pwani za Afrika. Maeneo 56 tayari yako hatarini kwa mafuriko ya bahari ya ule ukali unaotarajiwa mara moja kwa miaka 100, na ifikapo 2050 idadi hiyo inazidi mara tatu. Orodha za namna hiyo huhesabu maeneo yanayotambulika. Maiti aliye chini ya mnazi wa mwalimu hana namba kwenye karatasi ya mtu.

Ndiyo maana nitasema jambo ambalo wenzangu wa fani huwa hawapendi kulisema mbele za watu: Kisimani haitaokolewa. Hakuna atakayejenga ukuta pale, na kwenye mchanga ule hata ukijengwa sijui utashika nini. Kinachoweza kuokolewa ni habari zake. Na habari hizo anazo mtu anayefika pale kila baada ya miezi miwili, si mimi ninayeomba fedha za safari mwaka mzima.

Kwa hiyo mwalimu, fanya hivi. Chagua minazi miwili imara ya mstari wa saba au wa nane, igongee kibao. Kila ukienda, pima kwa futi ya fundi kutoka mnazi mpaka ukingoni, andika tarehe na hali ya maji. Piga picha ukuta wa mchanga ukiwa umesimama palepale, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, hata mpini wa panga. Simu yako inajua mahali ulipo, washa sehemu hiyo kabla ya kupiga. Kitu ukikiona bado kimo ndani ya kingo, usikivute. Kilichoanguka ufukweni tayari ni cha bahari, kile unaweza kukiokota, ukiandike umekiokota wapi, ukikabidhi.

Mrithi wa Minazi

Ahsanteni nyote. Kijana wa Gereza, marahaba mwanangu, umeniliza na hizo ndoo za dagaa.

Kuna jambo sikulisema mwanzo kwa aibu, lakini hapo kwenye "kukabidhi" nimeguswa. Nina kopo la maziwa ya unga. Ndani yake zimo sarafu 11 za shaba, ndogo, nyembamba, nyingine zimeota kijani mpaka hazisomeki. Shanga sikuzihesabu. Nimeziokota miaka hii yote baada ya bibi kufariki, yaani baada ya kukosekana wa kunitupisha. Zilikuwa 12. Moja mpwa wangu alimuuzia mgeni aliyekuja kuangalia papa potwe, kwa bei ya soda mbili na chapati. Nilimchapa, kisha nikaona aibu, maana na mimi nilikuwa nimezificha kabatini na sikumwambia mtu.

Sasa je, nikizipeleka nitakamatwa? Na zina faida gani kwa mtu ikiwa sikumbuki hata moja niliiokota wapi?

Dalali Huru

Sarafu 11! Mwalimu, nakuomba usifanye haraka.

Mchimba kwa Mswaki

Mwalimu, zipeleke. Mtu anayekwenda mwenyewe, na barua, na picha, na kaburi la kuonyesha, sijawahi kuona akifungwa. Nimeona akishukuriwa, au mara nyingi zaidi nimeona akisubirishwa kwenye benchi. Nenda na uvumilivu.

Zina faida, ila zimepoteza nusu ya sauti. Sarafu za masultani wa Kilwa ni kitu cha pekee: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Ukizisoma moja baada ya nyingine ni kama shairi fupi. Hizo zako zikisafishwa na mtaalamu (wewe usizisugue, wala ndimu, wala majivu, nakuomba) huenda majina yakasomeka. Zilikuwa zinasafiri hizo. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Wanabishana kwa sababu ziliokotwa ufukweni, hazikukutwa ndani ya kitu. Hazina jirani wa kumuuliza.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, zote mahali pamoja. Zile za fedha zina majina ya watawala wa huku bila tarehe. Lakini dinari za Misri zina tarehe. Kwa kuwa zilikuwa zimelala pamoja, dinari ziliwasemea wenzao, tukajua kuwa watawala hao ni wa zamani zaidi ya tulivyodhani. Angekuja dalali mmoja akazitenganisha, leo tungekuwa na vipande 2,000 vya fedha visivyojua kusema.

Mpwa wako usimchape tena. Mpe daftari.

Mzee wa Tongoni

Nawasoma. Mimi ni wa Tanga. Kwetu Tongoni tuna msikiti mmoja mbovu na makaburi ya minara, mengi yameanguka. Mtangata ndilo jina lake la zamani, na Wareno wa Vasco da Gama waliichoma meli yao moja, São Rafael, kwenye mafungu ya huku mwaka 1499 kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mikoko ya mbele yetu ilipungua, bahari ikasogea.

Ninachotaka kumwambia huyo mwalimu ni kuhusu yule jirani yake mzee anayesema maiti aachwe. Msimdharau. Wazee tunasema hivyo si kwa ujinga. Tumeona watu wakija, wakafukua, wakabeba kwenye maboksi, wakaahidi watarudisha majibu. Hatukuyaona majibu wala hatukuyaona maboksi. Ikiwa mtamtoa huyo bwana, basi aandikwe anapelekwa wapi na atarudi lini, na msikiti upewe nakala. Mimi ningesema asitoke Kisimani kabisa. Apimwe hapohapo juu ya mkeka, jioni azikwe mstari wa nane.

Mchimba kwa Mswaki

Shikamoo mzee. Sina la kuongeza wala la kujitetea. Hilo la kupimwa hapohapo linawezekana kabisa kitaalamu, siku moja inatosha kwa mtu mmoja. Mwalimu, liandike kwenye barua kama sharti lenu.

Mrithi wa Minazi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, niwape mrejesho.

Barua nilipeleka kwa mkono wangu. Benchi nilikalia kweli, siku mbili. Siku ya tatu bwana mmoja akanipokea vizuri, akasoma yote, akaangalia picha ya kanga yangu akauliza, "Hii nayo ni ya kale?" Nikajua tutaelewana. Kopo nimelikabidhi, nimepewa hati yenye muhuri: sarafu 11, shanga 73. Kumbe zilikuwa 73.

Bamvua ikatutangulia kabla mtaalamu hajapata usafiri. Nilipigiwa simu saa kumi alfajiri na yule mzee jirani, yuleyule aliyesema tumwache. Kasema, "Mwalimu, mtu wako miguu inaondoka." Nikampigia afisa, akasema piga picha, pima, fanyeni mnaloweza, yeye atakuja baadaye. Tukavuka na shehe, mpwa wangu na vijana wanne. Upande wa kiunoni kwenda chini ulikuwa umeshachukuliwa. Mpwa wangu alipima kila kitu kwa futi, akiandika kwa penseli kwa sababu kalamu ya wino ilikuwa inatapika chumvi. Mikono ilikuwa inamtetemeka lakini hakukimbia. Picha 46. Shehe akampokea kwenye sanda mpya, tukamzika tena mstari wa nane, baina ya mnazi wa tatu na wa nne, ubavu wa kulia, uso kaskazini. Mzee jirani ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Hakusema kitu.

Kama ni kosa, afisa anazo picha na jina langu analo.

Wakati wa kumtoa ilionekana nyuma yake kuna ukuta, mawe ya matumbawe yaliyopangwa, na juu yake sakafu nyeupe ya chokaa imekatika kama keki. Na ndani zaidi, ukisimama pembeni na jua likiwa chini, kuna fuvu lingine. Hatukuligusa. Tumerudishia mchanga na makuti.

Kutoka mnazi wenye kibao mpaka ukingoni, siku niliyoanza: futi 94. Siku ya maziko: futi 91 na inchi 4. Mtaalamu ameahidi kuja na meli ya Alhamisi ijayo. Mzee wa Tongoni, mkeka ninao.